Maji Yanakwenda kwa Nani?

Serikali inapojivunia fedha ilizowekeza katika jamii za mbali, sisi tuna haki ya kuuliza: zimemfaa nani? Nchini Kanada, tangu 1919, jiji la Winnipeg hunywa maji ya Shoal Lake. Ujenzi wa mfereji wake ulikata ardhi ya wenyeji wa asili, Waanishinaabe wa Shoal Lake 40, ukawaacha kisiwani. Jiji likashiba, wenyeji, kuanzia 1997, wakaamriwa kuchemsha maji ya ziwa lilo hilo! Barabara yao ilifunguliwa 2019, mtambo wa kusafisha maji 2021. Tusidanganywe kwamba fedha hazikuwapo. Mfereji wa jiji ulijengwa kwa miaka isiyozidi sita. Wenyeji walingoja karne nzima.