VIZA YA DAKTARI NA MKONO WA TAJIRI
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama



Leo tutasema juu ya jambo ambalo wengine watadhani si la chama cha wafanyakazi. Watasema viza ni kazi ya ubalozi, na udaktari ni kazi ya wasomi. Sisi twaona sivyo. Watoto wetu wengi sasa wamehitimu udaktari, na baadhi yao hutaka kwenda Marekani kujifunza ubingwa. Mafunzo hayo huitwa rezidensi. Huko daktari hukesha zamu, hutibu wagonjwa, hupokea mshahara na hutia sahihi mkataba. Mtu wa namna hiyo ni mfanyakazi, hata akiitwa mwanafunzi. Na karatasi inayomruhusu kuingia nchi ile ni sehemu ya masharti yake ya kazi.

Kwanza tueleze njia yenyewe. Aliyesomea udaktari katika nchi kama yetu hawezi kuingia rezidensi mpaka apate cheti cha ECFMG, baraza lililoanzishwa mwaka wa 1956, na makao yake ni Philadelphia. Hufanya mitihani ya USMLE, sehemu ya kwanza na ya pili, tena huonyesha kuwa anajua Kiingereza cha kazi. Halafu huomba nafasi katika hospitali. Majibu hutoka mwezi wa Machi, na kazi kwa kawaida huanza tarehe 1 Julai. Hapo ndipo huja swali la viza, na zinazotumika zaidi ni mbili: J-1 na H-1B.

Tuanze na J-1. Mdhamini wa viza hii ni ECFMG, si hospitali. Wizara ya Afya ya nchi anakotoka daktari lazima iandike barua kueleza kwamba nchi ina haja ya mabingwa wa fani ile, na kwamba daktari ameahidi kurudi. Udhamini hufanywa upya kila mwaka, na kwa kawaida hauzidi miaka 7. Mke au mume wake aweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Lakini daktari mwenyewe haruhusiwi kufanya kibarua cho chote nje ya mafunzo yake.

Sharti kubwa la J-1 ni hili: akimaliza, yampasa kurudi kwao akae miaka 2 kabla ya kuweza kupewa viza ya H-1B au ukaaji wa kudumu. Watu wengine hudhani serikali ya kwao ikisema haina kinyongo, sharti litafutwa. Kwa daktari aliyekwenda kwa mafunzo ya hospitali, njia hiyo imefungwa. Msamaha uko, lakini ni wa njia chache. Inayojulikana sana ni mpango wa Conrad, ulioanza mwaka wa 1994, ambao sasa huipa kila jimbo nafasi 30 kwa mwaka. Daktari husamehewa ile miaka 2, naye hufunga mkataba wa miaka 3 kutibu watu wa sehemu zilizopungukiwa na madaktari. Akiuvunja kabla ya wakati bila sababu inayokubaliwa, lile sharti humrudia. Tena mpango huu Bunge la Marekani huurefusha kwa vipindi, basi mtu aulize kwanza kama uko wazi wakati wake.

Sasa H-1B. Hapa mdhamini ni tajiri mwenyewe, yaani hospitali au chuo. Daktari lazima awe amekwisha kushinda sehemu ya tatu ya USMLE, nayo viza kwa kawaida haizidi miaka 6. Haina sharti la kurudi miaka 2, na mwenye viza hii aweza kuomba ukaaji wa kudumu bila kuvunja sheria. Lakini mke au mume wake kwa kawaida hana ruhusa ya kazi. Na daktari akiachishwa kazi, hupewa siku zisizozidi 60 apate tajiri mwingine wa kumwombea, au atafute njia nyingine, au aondoke.

Ndugu, sikilizeni vizuri hapo. Wazee wetu walibeba kipande katika kibati shingoni, na mtu hakuweza kumwacha tajiri mpaka tajiri atie sahihi. Hatusemi viza ni kipande, maana daktari huenda kwa hiari yake, na sheria humruhusu kubadili tajiri. Lakini ruhusa ya kukaa inapofungwa pamoja na kazi, mtu huogopa kusema. Huogopa kudai saa zake na malipo yake. Hofu hiyo twaijua, na dawa yake ni kujua haki na kuwa na wenzako.

Haki zenyewe ziko. Kabla ya kuomba H-1B, tajiri huapa mbele ya Idara ya Kazi ya Marekani kwamba atalipa mshahara usiopungua ule wa kazi hiyo mahali hapo. Huapa pia kwamba hakuna mgomo katika kazi hiyo, ili mgeni asiletwe kuuvunja. Na kama wafanyakazi wana chama, lazima chama kipewe habari ya maombi hayo. Gharama za wakili na ada za maombi ya tajiri haziwi mzigo wa mfanyakazi. Katika J-1 hakuna kiapo cha namna hii juu ya mshahara, kwa hiyo mkataba wa hospitali usomwe kwa macho mawili.

Tena, mwaka wa 1999 Bodi ya Taifa ya Mambo ya Kazi iliamua, katika kesi ya Boston Medical Center, kwamba madaktari walio mafunzoni ni wafanyakazi wenye haki ya kuwa na chama. Mwezi wa Mei 2023, madaktari zaidi ya 150 wa rezidensi katika hospitali ya Elmhurst, New York, waligoma siku tatu. Wengi wao walikuwa wamesomea nchi za nje. Walilipwa chini ya wenzao wa Manhattan waliokuwa chini ya tajiri yule yule. Walipata mapatano ya nyongeza ya asilimia 18 kwa miaka 3. Chama chao, kilichoanzishwa mwaka wa 1957, ndicho kilichowasimamia. Basi mgeni mwenye viza hakukatazwa kusimama na wenzake.

Lakini tusiwadanganye kwamba njia ni tambarare. Mwezi wa Mei 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kupanga mahojiano mapya ya J-1 mpaka Juni, na huku tarehe 1 Julai inakaribia. Mwezi wa Septemba 2025 Rais Donald Trump alitoa tangazo la malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi. Tangazo lilitolewa kwa miezi 12, likaachwa wazi kurefushwa. Hospitali gani italipa fedha hizo kwa daktari wa mwaka wa kwanza? Kwa hiyo mtu asiuze shamba la baba yake kwa kusikia tu kwamba H-1B ni bora.

Twawashauri wazazi na vijana waulize maneno manne kabla ya kutia sahihi. Hospitali hii hudhamini viza gani? Nani atalipa gharama, na imeandikwa wapi? Mke au mume ataruhusiwa kazi? Na mafunzo yakiisha, nitarudi, au nitatafuta msamaha, na kwa masharti gani? Jibu la mdomo halitoshi.

Neno la mwisho ni la hapa kwetu. Mwaka wa 2024 chama cha madaktari wa Kenya, KMPDU, kiligoma siku 56. Moja ya madai makubwa lilikuwa malipo ya madaktari wanaoanza kazi: mapatano ya 2017 yalisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kutoa 70,000. Mtu akiona hayo hawezi kumlaumu kijana anayetazama ng'ambo. Lakini ile barua ya Wizara husema nchi hii ina haja naye. Kama haja hiyo ni ya kweli, ionekane katika mshahara wake pia. Hilo ni dai letu sote, wa hospitali, wa reli na wa bandari.

Anayekwenda, aende akijua. Anayebaki, asimame na chama chake.

Umoja ni nguvu.