Walipokuja Shekemu: Sendika Inasaidia Kazi au Inaiharibu?

Somo: 1 Wafalme 12:1-20

 

Juma hili tunajibu maswali mawili tuliyoletewa. La kwanza ni la mwalimu, mshirika wa kanisa. Anasema: "Walimu wenzangu wameingia katika sendika na wameweka chaki chini. Mchungaji wangu ameniambia kwamba mtu aliyeokoka hagomi. Nifanye nini?" La pili ni la mama mmoja, naye pia ni mshirika. Anasema: "Watoto wangu wanakaa nyumbani. Mkubwa ameanza kwenda karieri kubeba mchanga. Hao wa sendika wanatusaidia au wanatuua?"

Maswali haya yametoka pengine katika kanisa moja, labda hata katika benchi moja. Kwa hiyo hatuwezi kumjibu mwalimu tukamsahau mama, wala kumjibu mama tukamsahau mwalimu. Tufungue Biblia zetu.

Mfalme Sulemani amekufa. Rehoboamu mwanawe amekwenda Shekemu ili awekwe kuwa mfalme. Watu wanakuja kwake wote pamoja, pamoja na Yeroboamu, na wana neno moja tu: baba yako alitutwika mzigo mzito, utupunguzie, nasi tutakutumikia. Mfalme anaomba siku tatu. Wazee wanamshauri awatumikie watu hao na kusema nao kwa upole. Vijana aliokua nao wanamshauri awatishe. Anawafuata vijana. Anawaambia watu kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, lakini yeye atawapiga kwa nge. Watu wanaondoka, ufalme unapasuka vipande viwili, na hauungani tena.

Katika habari hii tunajifunza mambo matatu.

Jambo la kwanza: kuomba mzigo upunguzwe si uasi

Angalieni walichosema watu wale. Hawakusema, "Hatutaki mfalme." Hawakusema, "Hatutaki kazi." Walisema watatumikia. Na mzigo wao ulikuwa wa kweli. Ukisoma sura ya 5 ya kitabu hiki, utaona Sulemani aliwatoza Waisraeli watu 30,000 wa kazi, akawapeleka Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Mtu anaacha shamba lake na mke wake, anakwenda kukata miti ya mwingine.

Tena hawakuja mmoja mmoja. Mtu mmoja akienda peke yake kwa mfalme, kesho hayupo. Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hiyo ndiyo maana ya sendika, wandugu: wafanyakazi wanasema pamoja neno ambalo mmoja wao hawezi kulisema bila kufukuzwa.

Wengine wanatuletea Luka 3:14, pale Yohana Mbatizaji anapowaambia askari watosheke na mshahara wao. Ni kweli ameandika hivyo Luka. Lakini Yohana alikuwa anasema na watu wenye silaha, waliozoea kunyang'anya raia. Hatuwezi kulichukua neno la askari mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabara tukamtupia mwalimu mwenye chaki. Neno la mfanyakazi lipo mahali pengine. Lipo katika Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Mungu anapoagiza maskini alipwe siku ileile kabla jua halijatua. Lipo katika Yakobo 5:4, ambapo mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hiyo inafika masikioni mwa Bwana. Hata Paulo, pale Filipi, alikataa kutoka gerezani kimya kimya. Aliwaita wakubwa waliomkosea waje wenyewe (Matendo 16:37). Alikuwa ameokoka, tena usiku ule ule alikuwa ameimba sifa!

Sheria ya nchi yetu nayo haikatazi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 38 na cha 39, inaukubali uhuru wa sendika na haki ya kugoma. Kwa hiyo, mwalimu wetu mpendwa, kuingia sendika si dhambi. Hatuna mamlaka ya kuita dhambi kitu ambacho Mungu hakukiita dhambi.

Jambo la pili: asiyesikia anaiharibu kazi yake mwenyewe

Watu husema sendika zinaharibu viwanda na makampuni. Tuangalie historia ya kwetu.

Mwaka 1941, wakati wa vita kuu, wafanyakazi wa Union Minière kule Katanga waliomba mshahara uongezwe, kwa sababu bei za vitu zilikuwa zimepanda na kazi imezidi. Wakati ule sheria ya Wabelgiji haikumruhusu mtu mweusi kuwa na sendika. Mwezi wa Desemba waligoma. Kule Élisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, walikusanyika katika uwanja wa mpira, na tarehe 9 Desemba askari wakawapiga risasi. Watu kwa makumi walikufa, na Léonard Mpoyi aliyesema kwa ajili yao alikuwa mmoja wao. Hilo ni jibu la Rehoboamu: mijeledi na nge. Miaka mitano baadaye, mwaka 1946, serikali ileile ikaruhusu sendika za Waafrika, ingawa kwa masharti mengi. Damu ilimwagika kwa jambo ambalo lingeweza kuzungumzwa mezani.

Sisi wa Kivu tunaikumbuka SOMINKI. Wazee wetu waliifanyia kazi. Ilianzishwa mwaka 1976, ikachimba kasiterite na dhahabu katika Kivu na Maniema. Wazee wanasimulia mpaka leo habari za hospitali, shule na mgao wa chakula. Mwaka 1985 bei ya bati ikaanguka duniani, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1997 ikafungwa. Je, sendika ndiyo iliyoiua? Tangu 1967 mpaka 1990 nchi nzima ilikuwa na sendika moja tu, nayo ilikuwa chini ya chama cha MPR. Sendika ile haikuwa na meno ya kumng'ata mtu. Iliimba na kucheza pamoja na chama. Bei ilipoanguka, mfanyakazi hakuwa na mtu wa kuuliza kwa sauti: "Hesabu yetu iko wapi?" Kampuni ilikufa bila mgomo kuiua, na wafanyakazi wakabaki bila msemaji.

Leo katika karieri zetu hakuna SOMINKI. Kuna shimo, kuna mwenye shimo tunayemwita PDG, kuna wachimbaji, kuna mfanyabiashara wa madini, na kuna comptoir kule Bukavu. Mchimbaji anakula kwa deni, anachukua buti na tochi kwa deni. Siku madini yakitoka, deni linakatwa kwanza, na hesabu yenyewe anaijua mtu mmoja tu. Mizani nayo anaishika mtu mwingine. Hapa kwetu chumvi na sabuni vinapanda ndege ili vifike, kwa hiyo anachobakiwa nacho kinaisha sokoni siku ileile.

Sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2018 inataka wachimbaji wadogo wawe ndani ya koperative zinazokubaliwa na serikali. Ni jambo jema. Lakini mahali pengi wanaoshika koperative ni wenye mashimo na wafanyabiashara wenyewe, na mchimbaji ni jina tu katika daftari. Hiyo haiwezi kuwa sauti ya mchimbaji. Ni kama Rehoboamu angejichagua mwenyewe kuwa msemaji wa watu waliokuja Shekemu.

Jambo la tatu: msemaji wa watu anaweza kugeuka

Sasa tuwageukie wandugu wa sendika, na mama yetu asikilize. Yeroboamu alikuwa nani? Sura ya 11 inasema alikuwa msimamizi wa kazi chini ya Sulemani. Alizijua taabu za watu, akasimama mbele yao pale Shekemu, na neno lao lilikuwa la haki. Lakini endelea kusoma mpaka mstari wa 28. Alipopata cheo alitengeneza ndama wawili wa dhahabu, akaweka mmoja Betheli na mmoja Dani, kwa sababu aliogopa kupoteza kiti chake. Watu walikimbia mzigo wa Rehoboamu wakaingia katika dhambi ya Yeroboamu.

Ndama za namna hii tunazijua. Kuna kiongozi wa sendika anayepiga kelele mbele ya watu mchana, na usiku anakwenda kuchukua bahasha. Kuna anayekusanya michango ya wenzake na haonyeshi daftari. Kuna anayeamuru mgomo akiwa Kinshasa, mshahara wake unaingia benki, na mwalimu wa msituni anayetembea siku nzima kufuata malipo yake ndiye anayelala na njaa. Sendika ya namna hiyo inaharibu. Inawaharibu wafanyakazi kwanza, kisha kazi yenyewe.

Tena angalieni Adoramu, msimamizi wa watu wa kazi. Walimpiga mawe akafa. Hakuwa yeye aliyetoa lile jibu baya. Rehoboamu aliyelitoa alipanda gari lake akakimbilia Yerusalemu. Katika ugomvi wa wakubwa, jiwe linampiga aliye karibu. Katika mgomo wa shule, aliye karibu ni mtoto. Serikali haisikii njaa siku ile, wala kiongozi wa sendika. Mtoto wa mama yetu ndiye anayekwenda karieri kubeba mchanga, na wengi wa aina yake hawarudi tena darasani.

Mbona basi mwalimu anagoma? Mnamo Februari 2004, kule Mbudi, serikali na sendika za watumishi wa serikali walitia sahihi mapatano: mtumishi wa chini kabisa angelipwa dola 208 kwa mwezi. Watoto waliozaliwa mwaka ule wengine wamekuwa walimu wenyewe, na bado wanaidai Mbudi. Mwaka 2019 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa ya bure. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini primu ya wazazi ikakatwa, na kuna walimu ambao hawajaandikwa katika orodha ya mshahara. Neno la bure alilibeba nani? Walilibeba wao.

Basi tunajibu hivi

Sendika inasaidia ikisema kweli, ikionyesha hesabu, na ikimaliza njia zote za mazungumzo kabla ya kuacha kazi. Hata sheria ya kazi ya 2002 inataka hivyo: mgomo unakuja mwisho, baada ya mapatano kushindikana. Inaharibu ikiwa ni ngazi ya mtu mmoja kupandia.

Mwalimu wetu, ingia, lakini ingia kama chumvi. Omba kuona daftari la michango. Simama katika mkutano useme habari za watoto. Mkikubaliana kugoma, kubalianeni pia jinsi watoto wa darasa la sita watakavyosaidiwa wasipoteze mtihani. Hilo halikuzuiliwi na sendika yoyote.

Mama yetu, usimchukie mwalimu. Mtoe mwanao karieri, hata ikibidi kanisa lishiriki chakula chake. Kisha wewe na wazazi wenzako mwende pamoja na walimu mbele ya wakubwa. Walimu wakienda peke yao huitwa waasi, lakini wazazi wakienda nao, mkubwa atatafuta neno lingine.

Wenye mashimo mlio katika makanisa yetu, mnaotoa sadaka kubwa: fanyeni hesabu mbele ya wachimbaji, mizani ikiwa wazi. Mithali 11:1 inasema Bwana anachukia mizani ya udanganyifu, na fungu la kumi haliisafishi.

Nasi wenyewe tusijifiche. Kanisa linasimamia shule, na kanisa lina walinzi, waimbaji wanaofagia, na vijana wanaolinda mitambo hii ya redio. Mara ngapi tumewalipa kwa neno "Bwana atakubariki"? Tunakumbuka walimu wa shule moja ya msituni waliotuletea barua yenye majina yao yote. Barua ilikuwa ya adabu. Sisi tulikaa tukasema, "Hawa wameingiwa na roho ya uasi," tukamhamisha aliyeiandika. Hatukungoja hata siku tatu kama Rehoboamu. Tumekwenda kwake kumwomba msamaha, naye ametusamehe, lakini shule ile ilipoteza mwalimu wake mzuri. Wazee walimpa Rehoboamu shauri jema: mkubwa awe mtumishi siku moja. Shauri hilo bado lipo mezani, na ni letu.

Tuombe.

Bwana Mungu wetu, wewe ulisikia kilio cha watu wako Misri walipotengeneza matofali. Sikia kilio cha walimu na wachimbaji wa Shabunda. Wape viongozi wao moyo safi, usiopenda bahasha. Wape wakubwa masikio ya kusikia kabla ufalme haujapasuka. Warudishe watoto wetu darasani. Na sisi watumishi wako, utusamehe pale tulipokuwa mzigo juu ya mabega ya wengine. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.