Kijana Apatapo Leseni: Mazungumzo na Wazazi wa San Diego



Leseni apewayo kijana aliye chini ya miaka 18 hapa California ni ya masharti. Sheria hii ipo tangu mwaka 1998. Kwa miezi 12 ya mwanzo, bila mzazi mwenye leseni au dereva aliyetimiza miaka 25 kando yake, kijana haruhusiwi kuendesha kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri, wala kumbeba abiria aliye chini ya miaka 20. (Simu yake huziandika saa hizo 11 na 5, mkubaliane mapema mnafuata hesabu ipi.)

Katazo la abiria ndilo linalozibana familia zetu zilizotoka Kongo na Burundi. Mtoto wa kwanza kupata leseni huwa dereva wa ukoo mzima: awapeleke wadogo zake shule, ampitie mwana wa jirani, amfuate binamu mazoezini. Sheria haimshuku tabia. Inajua tu kwamba vijana wanne wakiwa garini, muziki ukirindima na kila mmoja ana lake la kusema, dereva wa miezi mitatu hawezi kuwasikiliza wote na barabara akaiona.

Hata hivyo, dhiki imefikiriwa. Ikiwa hakuna usafiri mwingine wa kutosha na mdogo wake lazima afike shule, mzazi aandike barua na kuitia saini, aeleze sababu, amtaje mtoto huyo, na aonyeshe tarehe ambayo haja itakoma. Kijana awe nayo kila aendeshapo. Kazi ya usiku huhitaji barua ya mwajiri. Shughuli ya shule, ya mkuu wa shule. Ugonjwa, ya daktari. Lakini neno letu "ndugu" lisitupotoshe: sheria husema jamaa wa karibu kabisa. Mwana wa jirani, hata mkila sinia moja, hamo.

Simu ni marufuku kwake, hata ile isiyoshikwa mkononi, isipokuwa kuomba msaada wa dharura.

Nanyi mnaotia saini fomu ya maombi ya leseni, mjue kwamba saini hiyo huwabebesha, pamoja na kijana, dhima ya hasara atakayoisababisha. Kabla hajashika usukani, mwarifuni wakala wa bima, jina lake liingizwe, na muulize malipo yatapanda kiasi gani. Mkiona bado hajawa tayari, mwaweza kuiomba Idara ya Magari iifute leseni hiyo. Ikishafutwa, dhima ya safari zake za baadaye huwaondokea.