Kinga ya Mtoto Dhidi ya Maradhi ya Njia ya Hewa: Wilaya za Karagwe na Kyerwa



Wilaya ya Kyerwa, Mkoani Kagera, ilianzishwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Wilaya ya Karagwe. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini mafua na surua havitambui mpaka huo, wala ule wa Murongo unaoelekea Uganda. Hivyo, kila mzazi wa wilaya hizo anapaswa kufahamu namna mwili wa mtoto unavyojihami.

Mtoto huzaliwa na akiba ya kingamwili aliyoipata kwa mama yake akiwa tumboni. Maziwa ya mama, hasa yale ya mwanzo yenye rangi ya njano, humwongezea ulinzi. Akiba hiyo hupungua miezi inavyopita, ilhali njia zake za hewa bado ni nyembamba. Uvimbe mdogo na makamasi machache hutosha kumtaabisha.

Virusi vinapoingia puani, seli zilizoshambuliwa hutoa interferoni, ambayo huzitahadharisha seli jirani. Homa huwa ni dalili kwamba ulinzi umeamka. Baada ya siku kadhaa, chembechembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili za kirusi hicho mahsusi, na baadhi yake hubaki kuwa kumbukumbu. Mtoto mdogo hupata mafua mara nyingi kuliko mtu mzima kwa kuwa mwili wake ungali unajifunza.

Surua ina hatari ya pekee, kwani hushambulia chembechembe zenyewe zinazotunza kumbukumbu hiyo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, uliohusu watoto 77 wa Uholanzi wasiochanjwa, ulionesha kuwa surua iliwaondolea kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Mtoto aliyepona surua, kwa hiyo, huweza kushambuliwa upya na maradhi ambayo mwili wake ulikwisha kuyazoea. Chanjo huufundisha mwili kuijua surua bila ya kuufutia mafunzo ya awali.

Kwa sababu hiyo, wananchi wanatakiwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Mtoto apate chanjo ya surua na rubela mara mbili, akiwa na miezi 9 na miezi 18. Dozi ya pili isipuuzwe kwa kuwa mtoto anaonekana mzima.

(b) Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6.

(c) Mtoto asikae jikoni penye moshi wa kuni, kwani moshi hudhoofisha ulinzi wa njia ya hewa.

(d) Dawa za antibayotiki haziui virusi. Zisitolewe ila kwa agizo la mtaalamu.

(e) Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika 1 nzima, akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni dalili ya nimonia. Mtoto huyo, au yule ambaye kifua chake kinabonyea ndani au anayeshindwa kunyonya, afikishwe mara moja kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, kama vile Nyakahanga kwa Karagwe na Isingiro kwa Kyerwa.

Kadi ya kliniki iliyokamilika ni ngao ya mtoto. Kila mzazi anaombwa kuifungua na kuikagua leo hii.