Kabla ya Kulipia Nyumba

Nakala ya hati mnayoonyeshwa na dalali haitoshi. Chukueni namba yake, mwende kwa Msajili wa Hati mkaombe upekuzi rasmi. Huko ndiko hubainika iwapo nyumba imewekwa rehani benki au imewekewa zuio. Muuzaji anayekasirishwa na upekuzi amekwisha kuwajibu.

Hapa Tanzania Bara, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Basi mwoneni mwenzi huyo ana kwa ana, naye atie saini mbele ya wakili. Simu ya "mama yuko safari, amekubali" si ridhaa. Fedha zipitie benki, kwenye akaunti yenye jina lililo katika hati.