Ufunguo wa Bweni Uko kwa Nani?



Kabla sijaanza, nawaomba mlioketi kwenye ngazi msogee ukutani, na ndugu mlinzi atufungulie ule mlango wa kushoto. Naambiwa hufungwa ili projekta zisiibwe. Ahsante sana. Mnisamehe kwa usumbufu, lakini mhandisi wa majengo akipewa jukwaa hana budi kuangalia mlango kwanza.

Juni 1994, Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, bweni liliungua usiku na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Machi 1998 ikawa Bombolulu, Kwale, nchini Kenya, wasichana 26. Machi 2001 ikawa Kyanguli, Machakos, wavulana 67. Agosti 2009 tukarudi kwetu Iringa, sekondari ya Idodi, wasichana 12. Septemba 2020, shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu huko Kyerwa, watoto 10. Septemba 2024, Hillside Endarasha, Nyeri, wavulana 21. Ningeweza kuendelea, na Uganda sijaigusa.

Vyanzo vya mioto hiyo havifanani. Idodi ulitajwa mshumaa. Kyanguli ilikuwa petroli iliyomwagwa kwa makusudi. Kwingine imelaumiwa hitilafu ya umeme, na kwingine chanzo hakikujulikana kamwe. Tume zinapoundwa huanza na swali la nani aliwasha, na magazeti nayo hufuata huko huko. Ni swali la polisi, na polisi waachiwe. Mpangaji wa shule anatakiwa kuuliza jambo jingine: moto ulipokwisha kuwaka, kwa nini watoto hawakutoka? Hapo ndipo majibu yanapoanza kufanana kwa namna ya kutisha. Shauritanga, Bombolulu, Kyanguli: mlango uliofungwa, madirisha yenye nondo.

Niruhusuni nieleze kidogo yanayotokea ndani. Magodoro ya shule zetu ni ya sponji, yaani plastiki iliyojazwa hewa, na jamaa yake wa karibu ni mafuta. Godoro likishika moto hutoa moshi mzito wenye kaboni monoksaidi na sianidi. Mtoto aliyelala haamshwi na moshi huo, humzidishia usingizi. Wengi hufa kabla ndimi za moto hazijawafikia. Chumba chenye magodoro yaliyobanana na paa la chini hujaa joto, na ndani ya dakika chache kila kilichomo hulipuka kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo hakuna wa kuokolewa.

Sasa pigeni hesabu. Mlango wa kawaida wa sentimita 80 hupitisha takriban mtu mmoja kwa sekunde, kama hakuna anayesukumana. Bweni lililoungua Nyeri lilikuwa na wavulana zaidi ya 150. Kwa mlango mmoja wa namna hiyo, kundi la ukubwa huo linahitaji dakika mbili na nusu, na hiyo ni kama wote wako macho, wamejipanga mstari, na taa zinawaka. Usiku wa manane, gizani, wakikohoa, watajazana mlangoni. Na kama mlango unafunguka kwa ndani, msukumo wa walioko nyuma huugandamiza, na hata mtu mzima mwenye nguvu hawezi kuuvuta. Kwa hiyo swali la mlango ufungukie upande gani, ambalo fundi wa kijijini hulimaliza kwa kutazama upepo unatoka wapi, ni swali la uhai.

Haya yote yameandikwa tayari. Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, na ni mwongozo mzuri. Ningekuwa nausahihisha kama kazi ya mwanafunzi ningempa alama ya juu. Unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya kupita isiyopungua mita 2, mlango kila mwisho wa bweni na mwingine wa dharura katikati, milango ifungukie nje na iwe na upana wa futi 5, madirisha yasiwe na nondo. Unasema wazi kwamba mlango usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wako ndani. Miaka 16 baadaye, baada ya msiba wa Nyeri, serikali hiyo hiyo ilifanya ukaguzi na kuamuru sehemu za bweni za shule za msingi 348 zifungwe kwa kutotimiza masharti. Ukaguzi huo ungeweza kufanyika mwaka mmoja kabla.

Kwa nini basi mwalimu mkuu, mtu mwenye akili zake na watoto wake, anaweka kufuli? Nimezungumza na wengi, na sijakutana na katili hata mmoja. Wanaogopa. Wanaogopa mwizi wa magodoro na masanduku. Wanaogopa wavulana watakaoruka ukuta kwenda disko na wasichana watakaorudi wajawazito, kisha mzazi aje na wazee wa ukoo kudai maelezo. Hofu hizo huja kila wiki. Moto huja mara moja katika maisha ya shule, pengine usije kabisa. Mwanadamu hujikinga na kinachomsumbua kila siku, na kufuli la elfu kumi linamwezesha mwalimu kulala.

Hapa ndipo mzizi wa hoja yangu ulipo. Kufuli ni mlinzi wa bei rahisi. Tunaliweka mahali ambapo alitakiwa kuwepo mtu: matroni au patroni anayekesha, mwenye tochi, anayelipwa, anayelala mchana. Shule nyingi zina matroni mmoja kwa mabweni manne, na huyo huyo ndiye mpishi msaidizi asubuhi. Akipatwa na homa, funguo hukabidhiwa kiranja wa miaka 16. Akienda msibani, funguo huenda naye.

Kuna njia ya kati, na haigharimu sana. Komeo linaloweza kufunguliwa kwa ndani bila ufunguo linazuia mwizi wa nje na halimzuii mtoto wa ndani. Kengele ya mlangoni, hata ile ya kuvaliwa na ng'ombe, itapiga mlango ukifunguliwa saa nane usiku, na anayetoroka atajulikana. Nondo za dirisha zinaweza kuwekwa kwenye fremu yenye bawaba na pini ya ndani. Fundi wa gereji yeyote anaitengeneza. Mtaniambia watoto wataichezea pini. Ndiyo, wataichezea. Nondo iliyochezewa hurekebishwa Jumatatu.

Mafunzo ya kujiokoa nayo tusiyafanye saa nne asubuhi mbele ya mgeni rasmi, watoto wakitembea mistari huku wakicheka. Yafanyike usiku, bila taarifa kwa wanafunzi, taa zikiwa zimezimwa. Na daftari la majina lisilale ndani ya bweni. Endarasha siku za mwanzo wavulana 70 hawakujulikana walipo, kwa sababu wengi walikuwa wamechukuliwa na wazazi au kukimbilia kwa majirani gizani bila mtu kuandika. Hebu mfikirie mzazi katika siku hizo.

Kuhusu afya nitapita haraka, maana wenzangu wa tiba wataieleza vizuri zaidi. Lakini msisahau shule ya Mukumu, Kakamega, mwaka 2023, ambako wanafunzi na mwalimu walifariki kutokana na maradhi yaliyohusishwa na maji na chakula. Kisima kilichochimbwa karibu na shimo la choo ni kosa la ramani kabla halijawa kosa la daktari.

Najua kuna swali linalosubiri huko nyuma: je, washambuliaji? Ni swali la haki. Juni 2023, huko Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari usiku na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Wavulana walijifungia bwenini. Washambuliaji wakalichoma moto wakiwa humo. Siwezi kuwaambia kwamba mlango wazi ungewaokoa. Ninachoweza kusema ni kwamba mlango uliofungwa haukuwaokoa. Ulinzi dhidi ya adui wa nje unaanzia kwenye uzio, lango, taa, simu ya kituo cha polisi na barabara inayopitika. Ukifika kwenye mlango wa bweni, umechelewa.

Basi mtakaponiomba niwapitieni michoro ya shule, kama wengi mnavyofanya, nitaomba vitu viwili kabla ya ramani. Cha kwanza ni jina la anayeshika ufunguo usiku wa leo, na jina la anayeushika huyo akiumwa. Cha pili ni bajeti. Nitatafuta fungu la mshahara wa mtu wa kukesha. Kama halipo, nitarudisha michoro, hata iwe imechorwa na mwanafunzi wangu bora, kwa sababu jengo hilo tayari limeshapangiwa kufuli.