Miti Myekundu ya Uluguru

Wapo watu wanaoamini kwamba picha yoyote yenye miti myekundu ni ujanja wa kompyuta. Wapo pia wanaoamini kwamba kamera haisemi uongo. Leo nataka kuzungumza na makundi yote mawili, maana picha za namna hiyo tunazidi kuziona magazetini na kwenye simu, na mara nyingi hazina hata mstari mmoja wa maelezo.

Hivi karibuni nilipanda Milima ya Uluguru kwa miguu, kutoka mjini Morogoro hadi Morningside, ile nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani. Nilifuatana na kijana mmoja mpigapicha. Njia yenyewe wengi mnaijua: inaanza na nyumba za mji, inafuata migomba, kisha bustani za mboga zilizoning'inia kwenye miteremko mikali, na huko juu kabisa ndipo unapoukuta ukingo wa msitu. Kamera ya kijana huyu ilikuwa ya kawaida, ila fundi alikuwa amekitoa kile kioo chembamba ambacho watengenezaji hukiweka ndani, mbele ya kinasa mwanga, ili kuzuia infraredi.

Infraredi ni nini? Jicho la binadamu huishia kwenye mwanga mwekundu, karibu nanomita 700. Kupita hapo kuna mwanga mwingine tusiouona. Mwaka 1800 William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembetatu, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho hayaoni kitu, na kipimajoto kikapanda. Sasa, jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na wa buluu ili kujitengenezea chakula, na hurudisha kijani kidogo. Lakini infraredi hulirudisha kwa wingi, kiasi cha nusu hivi. Kwa hiyo kile kijani tunachokisifu siku zote ni makombo tu.

Ili kuupata mwanga huo kwa rangi, kijana alipachika vichujio viwili mbele ya lenzi, kimoja juu ya kingine. Cha kwanza kilikuwa cha manjano, ambacho huzuia buluu. Buluu ikizuiwa, vile vitone vya kamera vilivyowekwa kwa ajili ya buluu hubaki vikipokea infraredi peke yake. Cha pili hupunguza sehemu ya mwanga tunaouona na kuiacha infraredi ipite, ili kimoja kisimeze kingine. Baadaye, nyumbani, rangi hubadilishwa nafasi: infraredi huwa nyekundu, nyekundu huwa kijani, kijani huwa buluu. Si kazi ya haraka. Kila uso wa kioo hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga, na vioo viwili vina nyuso nne. Jua likiwa mbele, madoa ya mwanga hutapakaa kwenye picha. Pembe nazo huwa nyeusi. Na kwa kuwa kamera inahitaji muda mrefu zaidi kushiba mwanga, upepo ukivuma majani hutoka kama uji. Tulisimama mara nyingi kuliko tulivyotembea.

Katika kusimama huko ndipo tulipomkuta mama mmoja analima. Tukamwamkia, akatuitikia marahaba, akaomba aone tulichopiga. Kijana akamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

"Mbona kabichi zangu mmezitia damu, wanangu?"

"Si damu, mama. Ni mwanga wa majani ambao macho hayauoni."

"Na kule juu?" akauliza, akionyesha msitu. Tukamwonyesha. Msitu ulikuwa mwekundu pia, lakini wa kiza, kama maini. Mama akacheka: "Kumbe zangu ndizo nzuri zaidi!"

Alikuwa amesoma picha vizuri kuliko wengi wetu. Kabichi hulaza majani yake wazi mbele ya anga. Msitu una miti mirefu na mifupi, na katikati yake mna vivuli vinavyomeza mwanga. Ndiyo maana shamba lililostawi hung'aa kuliko msitu wa miaka mingi, hata katika picha za satelaiti, tangu zile za Landsat iliyorushwa mwaka 1972. Rangi nyekundu inashuhudia jambo moja tu, yaani kwamba pana majani mabichi. Haisemi ni majani ya nini.

Na kwetu jambo hilo si dogo. Maji ya Uluguru huingia mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Udongo wa mteremko unaolimwa kila msimu haushikwi kama ule ulio chini ya msitu. Mvua ikija unateremka nao mtoni. Simlaumu yule mama, naye ana watoto wa kulisha. Mabishano juu ya udongo wa mlima ule ni ya siku nyingi: mwaka 1955 Waluguru waliikataa kwa nguvu amri ya wakoloni ya kuchimba matuta.

Filamu ya kwanza ya rangi za namna hii Kodak iliitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ili ndege zitofautishe majani halisi na vifaru vilivyopakwa kijani. Kuanzia mwaka 2010, Richard Mosse wa Ireland alitumia filamu ya namna hiyo Kongo mashariki, akapiga askari na vilima vya Kivu vikiwa na rangi ya waridi, na kazi yake ikaonyeshwa Venice mwaka 2013. Walimsifu, wengine walimlaumu. Mimi naona picha zile ziliwafanya watu watazame, lakini nani alimtendea nani nini, hilo rangi haikulieleza. Linaelezwa kwa maneno.

Tuliporudi, kijana alipeleka picha tatu kwa mhariri mmoja. Mhariri akaichagua ile ya kabichi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyekundu zaidi, akaandika chini yake: "Msitu wa Uluguru wazidi kustawi." Kijana akampigia simu. Walibishana karibu nusu saa, mhariri akidai kwamba msomaji hana muda wa sayansi. Picha ilitoka siku ya pili yake ikiwa na maelezo haya: "Bustani za kabichi chini ya mpaka wa msitu, Uluguru. Picha ya infraredi. Nyekundu ni majani mabichi. Msitu ni ule mstari wa kiza ulio juu."